Tanuri la Kichuguu na Kofia ya Mama

Jumapili, tarehe saba Aprili. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika katikati ya ibada, halafu jua likatoka kali, lile la kuchoma mabega. Upepo ulitoka ziwani na harufu ya dagaa, omena wetu, walioanikwa wakanyeshewa.

Nilipotoka kanisani sikwenda moja kwa moja kwa mama kumwambia yaliyoamuliwa. Nilipitia kwanza boma la zamani la nyanya, huku juu kwenye mwinuko unaotazama ghuba ya Karungu. Boma halina mtu siku hizi. Nyumba ilianguka na ua wa mikonge umekuwa msitu. Lakini kichuguu kipo. Nilikizunguka polepole kama mtu anayetafuta mbuzi wake, mpaka upande ule uliokuwa na mdomo wa tanuri. Mdomo haupo tena. Mchwa wameuziba wote kwa udongo mwekundu, na udongo wenyewe ulikuwa mbichi, wa juzi au jana. Ukimwambia mtu kwamba humo ndani ilikuwa inaokwa mikate, atakuona unamchezea.

Wewe nitakueleza. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, na mambo haya ni ya miaka ya sabini nilipokuwa mtoto. Kwa hivyo pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Kilichokuwa kinaamuliwa kanisani ni kofia. Akina mama wa kanisa letu walikuwa na kofia yao, ya kitambaa cheupe, yenye ukingo mpana unaotokeza mbele kama paa la baraza, hata ukitaka kumwona mvaaji usoni lazima usimame mbele yake. Nyuma ina marinda yanayofunika shingo, na chini ya kidevu inafungwa kwa kamba mbili za kitambaa hichohicho. Ilikuwa inakazwa kwa maji ya muhogo, halafu inapigwa pasi ya makaa mpaka inasimama yenyewe. Watu wa makanisa mengine walituita kanisa la ndoo. Mkipita sokoni unasikia, "Ndoo hizo zinaenda kuchota!" na mama zetu wanajibu bila kugeuka, "Na yako imetoboka!"

Waliobaki na kofia hizo ni wachache, wote wazee, na mama yangu ni mmoja wao. Siku hizi mama hatoki nyumbani. Mwaka jana alinionyesha begi lililo chini ya kitanda chake. Lina gauni, leso mpya, na kofia iliyofungwa ndani ya gazeti. Akasema akifa avalishwe hiyo na aingizwe kanisani nayo. Hakuniomba, aliniambia.

Sasa mwenyekiti mpya wa akina mama ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari. Mwezi uliopita alikutana na picha kwenye simu yake, akatuonyesha. Ni wanawake wa Kikaburu, Afrika Kusini, wakati wa vita vya Hitler. Wamepanda gari la kukokotwa na ng'ombe na wamevaa kofia zetu. Marinda yale yale, kamba zile zile. Mwalimu akatueleza kwamba hao walikuwa wa chama cha Makaburu kilichokataa kupigana upande wa Mwingereza, na wengi ndani ya chama hicho walikuwa wanamwombea Mjerumani ashinde. Walitaka nchi iwe yao peke yao, mtu mweusi awe wa kutumwa tu.

"Na sisi," alisema, "tunaingia nazo mpaka mbele ya madhabahu."

Alipendekeza kofia hizo zisiingie tena kanisani, kwa aliye hai wala kwa maiti. Hakusema kwa hasira. Na lazima niandike kwamba ni mtu mzuri. Mama alipozidiwa ni yeye aliyempeleka hospitali kwa gari lake, bila kuombwa.

Kabla ya kuamua, watu walitaka kujua kofia zilifikaje huku. Wazee waliobaki wengine hawasikii, wengine wamesahau. Mimi nililelewa na nyanya, na nyanya ndiye alikuwa jirani wa mwanamke wa kizungu aliyezileta. Nikaambiwa nijiandae, nije niseme leo. Wiki nzima nilijiuliza nitaanzia wapi. Nikisema nusu, mama atavalishwa anachotaka. Nikisema yote, labda atakataliwa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Yule mzungu alikuwa Kaburu. Hilo tulilijua kwa sababu ukimwita Mwingereza anakurushia kijiko. Mumewe alikuja naye baada ya vita vya Hitler kutafuta dhahabu, wakati ule watu walikuwa wanachimba kila mahali kati ya hapa na Migori. Hakupata ya maana, akafa, akazikwa huku. Uhuru ulipokuja, Makaburu wenzake wa Eldoret walipakia vitu vyao wakaenda. Yeye akabaki. Wengine walisema hana ndugu aliyebaki kwao, wengine walisema hataki kumwacha mume peke yake. Mimi sijui. Watoto tulimwita Mama Kaburu, na aliitika.

Nyanya alijuana naye kwa ugomvi. Kile kichuguu kilikuwa chetu, hapo mpakani na shamba lake. Na huku kwetu kichuguu kina mwenyewe. Mvua ikinyesha, watu wa boma wanatega pale kumbikumbi, na mtu wa boma lingine haji kutega bila kuomba. Hata ndugu wakigawana shamba wanagawana na vichuguu. Mama Kaburu hakujua hayo. Kwao, zamani za kuhama na magari ya ng'ombe, wanawake wakiona kichuguu walikuwa wanakitoboa tumbo, wanawasha moto ndani, wanaoka. Na yeye akatoboa. Nyanya akaona moshi.

Alienda mbio, mimi nikiwa nimeshika leso yake nyuma.

"Wewe! Unachoma chakula chetu!"

"Hapana chakula," yule akajibu, majivu mpaka kwenye nyusi. "Hii dudu tu. Mimi natengeneza jiko."

"Hao dudu ndio chakula."

"Mtu hapana kula dudu!"

"Umewahi kuonja?"

Mama Kaburu akarudi kwenye moto wake. Nyanya hakuita chifu. Alikaa chini kwenye udongo uliofukuliwa, akanyoosha miguu, akasema haondoki mpaka jambo hili liishe. Basi wakawa hivyo, mmoja anaoka, mwingine amenuna, mpaka mkate ukaiva. Harufu ilipotoka nyanya alikuwa bado amenuna lakini alikuwa amesogea. Wakapatana kwamba kichuguu kimeshauawa, basi tanuri ni la wote wawili, nyanya ataoka humo akitaka.

Mkate uliotoka humo haukuwa wa kuliwa siku hiyo. Unga ulikandwa na maziwa lala, yale yaliyoganda, na mafuta ya ng'ombe, ukaokwa, kisha mikate ikapasuliwa kwa mikono kuwa vipande vya ukubwa wa kiganja, vikarudishwa tanurini wakati moto umeisha na joto limebaki, vikae humo mpaka vikauke kabisa. Nyanya aliviita *makati motwo*, mkate mkavu. Ukitingisha debe vinalia kama changarawe. Ukichovya kwenye chai vinarudi kuwa mkate. Wavuvi wetu walivipenda kwa sababu wakienda Mfangano na visiwa vya mbele wanaweza kukaa navyo mwezi visiote ukungu.

Kazi yetu watoto ilikuwa kuokota kuni na mavi makavu ya ng'ombe, halafu kufagia tumbo la kichuguu kwa matawi mabichi. Moshi wa matawi hayo naujua mpaka leo. Kupima moto, Mama Kaburu aliingiza mkono ndani akawa anasali Baba Yetu kwa lugha yake. Akifika mahali fulani kabla joto halijamfanya autoe, anasema sawa. Nyanya alikuwa na kipimo chake. Aliingiza mkono akawa anataja watoto wake kuanzia wa kwanza. Baba yangu alikuwa kitinda mimba. Ukisikia ametajwa, jua tanuri limepoa.

Nisiseme walikuwa marafiki. Mama Kaburu alimwita nyanya "wewe msichana", na nyanya alikuwa amemzidi umri. Nyanya naye aliitika, "Naam, *nyathina*," yaani mwanangu. Kila mmoja alimfanya mwenzake mdogo na kazi ikaendelea. Kulikuwa na kikombe cha bati, kilichotundikwa kwenye msumari nje ya mlango wa jikoni. Hicho ndicho cha nyanya. Mwaka mzima wa kukanda pamoja hakikuwahi kuingia ndani. Mkono wa nyanya uliingia kwenye unga wake, lakini mdomo wa nyanya haukugusa kikombe chake. Nikiwa mtoto sikuona ajabu. Nilifikiri ni kikombe tu.

Wakiwa wanakanda, Mama Kaburu alikuwa anasimulia. Mimi nilikuwa napenda kusikia kwa sababu ya kile Kiswahili chake. Alisimulia kwamba dada zake wakubwa walikufa kwenye kambi ya Mwingereza, katika vita vya zamani vya Makaburu na Mwingereza, kabla yeye hajazaliwa, na mama yake hakuwahi kucheka tena. Vita vya Hitler vilipokuja, wanaume wao wakaapa hawatamsaidia Mwingereza. Wengi wakakamatwa, wakafungiwa nyuma ya seng'enge. Hapo ndipo wanawake walipoingia. Walivaa kama bibi zao wa zamani, magauni marefu na kofia zile. Wakaoka mikate mikavu madebe kwa madebe, wakazungukia nyumba za waliofungwa kuona watoto wamekula, wakapeleka barua zimeshonewa kwenye pindo la gauni. Walienda kusimama nje ya seng'enge, mstari mrefu wa nguo nyeupe, kimya. Alisema askari anajua kufukuza watu wanaopiga kelele, lakini mama aliyesimama na mkate hajui amfanyeje. Alipofika hapo alikuwa anasimama wima, unga mikononi, na uso wake unakuwa wa msichana.

Siku moja nyanya akamuuliza, "Na watu weusi wa huko, wakati huo walikuwa wapi?"

Mama Kaburu akafikiri. Naamini alifikiri kweli.

"Jikoni," akasema.

"Wanafanya nini?"

"Wanakanda."

"Mkate wa wafungwa wenu?"

"Ndiyo. Msichana wetu alijua sana kukanda. Kama wewe."

Nyanya aliendelea kukanda, lakini nilimwona anaupiga ule unga.

Kofia zilikuja baadaye. Wavuvi wetu, baba akiwa mmoja wao, walifuata samaki wakavuka mpaka ule wa majini usioonekana, wakashikwa na doria ya upande wa Tanzania. Wakawekwa ndani Sirare, ng'ambo ya mpaka. Habari ilipofika, akina mama wakalia, wakataka kwenda kupiga kelele kwa chifu. Mama alikuwa na mimba ya ndugu yangu. Mama Kaburu akatokea uani kwetu, ambapo hakuwa na kawaida ya kuja.

"Hapana lia," akasema. "Leta unga. Leta kitambaa."

Alitoa kofia yake sandukuni, akakata mfano wake kwenye gazeti, akakaa kwenye cherehani. Akina mama wakashona, na mama alijishonea yake mwenyewe. Waliokuwa na unga walileta, tanuri halikupoa siku hizo. Halafu wakapanda lori kwenda Isebania, upande wetu wa mpaka, Mama Kaburu akiwa mbele na dereva, wao nyuma na madebe. Wakavuka kwa miguu, wakaenda kusimama kwa mstari nje ya kituo. "Simama," aliwaambia. "Shika mkate. Funga mdomo." Mama anasema watu wa Sirare walifunga vibanda waje kuwatazama. Mwenye kubadilisha pesa mmoja akauliza, "Jamani, hizi ni harusi ngapi?"

Wanaume walipokea mikate siku hiyo, na baada ya muda wakaachiliwa. Kwa haki niseme baba hakuamini ni kofia. Alisema siku zao zilikuwa zimeisha tu. Mama hajawahi kukubali. Mpaka leo anasema, "Sisi tulisimama, wakatoka." Akina mama wakaendelea kuvaa kofia kila Jumapili, na Mama Kaburu mwenyewe akawa anapita barabarani wakati wa kutoka kanisani kuwatazama. Hakuwahi kuingia. Alikufa nikiwa darasa la sita. Nyanya ndiye aliyemwosha.

Hayo yote niliyasema leo kanisani. Nilianza na mwisho, ikabidi nirudi mwanzo. Nilisema la Sirare na watu wakapiga makofi. Nilisema la kikombe na makofi yakakatika. Niliposema la kukanda, mzee mmoja wa kofia aliyekaa mbele, ambaye hasikii vizuri, akamvuta jirani yake.

"Anasemaje?"

"Anasema tulikuwa jikoni!"

"Si ndiko tuliko?"

Watu wakacheka. Mwalimu naye alicheka kidogo, halafu akaniuliza kwa upole, "Mama, alijuta? Hayo ya chama chao, uliwahi kumsikia akijuta?"

Nilitamani sana kusema ndiyo. Nilimtafuta akilini, pale tanurini, pale kwenye cherehani.

"Hapana, Mwalimu. Sikuwahi kumsikia."

"Na mkate wao ulikandwa na dada zetu."

"Ndiyo."

"Hilo linaniuma kuliko picha," akasema.

Hata mimi linaniuma. Nilisema tu kwamba kofia ya mama aliishona mama, na kwamba wakati anasimama Sirare hakuwa anasimama kwa ajili ya Makaburu. Halafu nikakaa. Sijui kama nilisema vizuri.

Walibishana sana. Mwishowe Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetafuta njia. Mwenye kofia yake ataivaa mpaka mwisho, ataingia kanisani nayo akiwa hai au akiwa kwenye sanduku. Lakini haitashonwa nyingine, haitarithiwa, na watoto wa kanisa wataelezwa ilikotoka, yote, kama nilivyoeleza. Wanaokubali wainue mikono. Nikainua wangu.

Ndiyo maana nilipitia kichuguuni kwanza. Nilisimama pale nikahesabu vilivyokwisha. Nyumba ya Mama Kaburu iling'olewa mabati zamani. Tanuri limezibwa. Hakuna anayeoka mkate mkavu, wavuvi wanabeba mkate wa dukani wa kwenye karatasi. Na kofia sasa zitaenda na wenyewe, moja baada ya nyingine, na mkono wangu ulikuwemo. Najiuliza kama ni haki au nimeogopa watu wa pande zote mbili. Naona ni haki. Sioni raha yake tu.

Nilimkuta mama amekaa kitandani, ameegemea ukuta, ananisubiri.

"Ulisema?"

"Nilisema."

"La kikombe?"

"Hata la kikombe."

"Na la kukanda?"

"Nalo, mama."

Akatikisa kichwa polepole. "Nyanya yako hakulisahau hilo. Siku anamwosha yule, alisema, 'Leo msichana wako anakukanda wewe.' Lakini alimwosha vizuri. Hata masikio."

Hilo sikuwa nalijua. Kama ningelijua ningelisema.

"Wameamuaje?" akauliza.

"Utaingia nayo. Lakini hazishonwi tena. Yako ikienda, imeenda."

Alivuta begi kwa mguu kutoka chini ya kitanda, akanipa nimfungulie gazeti. Kofia ilikuwa imelegea, imeanza kugeuka njano kwenye mkunjo. Akasema niipikie maji ya muhogo kesho, isije ikaingia kanisani imelala kama matambara.

"Na wewe siku yako utafungwa nini kichwani?"

"Kitambaa tu, mama."

"Afadhali," akasema. "Kichwa chako kikubwa. Ingetumalizia kitambaa."

Wajukuu nilikuwa nimewatuma kwenye kichuguu na beseni na blanketi kuukuu wakatege, kwa sababu ya ule udongo mbichi na jua baada ya mvua. Walirudi jua likizama wanapigana nani abebe. Jioni tulikula ugali wa mtama na kumbikumbi wa kichuguu cha nyanya, waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi, na chai. Mama alikula wake wote, akaomba wengine.